Fundi, acha kuandika anwani za IP kwa mkono

Leo nina jambo la kulalamikia, na nitalalamika kwa kirefu, kwa hivyo jitilie chai kwanza.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia shuleni, kwenye saiba, kwenye ofisi za mawakili na hata kwenye kliniki: "DHCP ilikuwa inasumbua, tukaizima." Anayeisema huwa ni fundi wa mtandao, na huisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Ameizima, akaketi mbele ya kompyuta ya kwanza, akafungua dirisha la mipangilio, akaandika 192.168.1.11. Akahamia ya pili, akaandika 192.168.1.12. Akaendelea hivyo hadi mwisho wa chumba. Mtandao ukafanya kazi, akalipwa, akaenda zake.

Mimi nasema hilo si suluhisho, ni deni. Na atakayelilipa ni mwenye mtandao, wala si fundi.

Kabla sijaeleza kwa nini, tukumbushane DHCP inafanya nini, maana wengi wanaoizima hawajawahi kuelezwa.

Kila chombo kilichoungwa kwenye mtandao kinahitaji mambo manne ili kifike intaneti: anwani yake chenyewe, sabneti, anwani ya lango (mara nyingi ni ruta), na anwani ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. DHCP ni utaratibu wa kuvipa vyombo mambo hayo bila mtu kuandika chochote. Ulichapishwa mara ya kwanza Oktoba 1993, na waraka unaoueleza hadi leo ni RFC 2131 wa Machi 1997, ulioandikwa na Ralph Droms. Kabla yake kulikuwa na BOOTP ya mwaka 1985, ambayo ilimtaka msimamizi aorodheshe kila mashine kabla haijapewa anwani. Kwa hivyo fundi wetu amerudi nyuma hata kuipita 1985, kwa sababu BOOTP angalau orodha yake ilikaa mahali pamoja.

Fikiria ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kayole. Keateka ana daftari la vyumba. Mpangaji mpya anafika getini, hajui keateka ni nani wala anakaa chumba gani, kwa hivyo anaita kwa sauti: kuna chumba? Keateka anajibu: kipo namba 57. Mpangaji anasema, tena kwa sauti ili kila mtu asikie: basi nachukua namba 57. Keateka anaandika daftarini na kumwambia: haya, ni chako mpaka kesho saa kama hizi.

Ndivyo inavyokwenda kwenye waya. Ukisoma kumbukumbu za seva utaona maneno manne yakifuatana: DHCPDISCOVER, DHCPOFFER, DHCPREQUEST, DHCPACK. Mashine inaongea kupitia poti 68 ya UDP, seva inasikiliza poti 67. Ukiyajua maneno hayo manne na mpangilio wake, umeshajua nusu ya kazi ya kutafuta hitilafu, kwa sababu unachohitaji kuuliza ni moja tu: mazungumzo yamekatikia wapi?

Na uzingatie kwamba anwani haitolewi moja kwa moja, inakodishwa. Nusu ya muda ikifika, mashine inamwendea keateka yule yule kuomba nyongeza. Asipojibu, mashine inaendelea kutumia anwani yake, na muda ukifika asilimia 87.5 inaanza kumwuliza keateka yeyote aliyepo. Muda ukiisha kabisa bila jibu ndipo inapolazimika kuhama. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Sasa, mazoea ya kuandika kwa mkono yalitoka wapi? Nadhani sehemu kubwa tuliirithi kutoka saiba. Miaka ile ya 2000 mashine 10 zilikuwa mtandao mkubwa, hazihami, hazizidi, na baadhi ya programu za kuhesabu dakika za wateja zilitambua kila mashine kwa anwani yake. Namba 7 ikibadilika ikawa namba 3, mteja wa dirishani analipishwa dakika za mteja wa mlangoni, na hapo ugomvi. Ilikuwa na mantiki yake. Lakini saiba ya mashine 10 si shule ya leo yenye maabara, laptopu za walimu, printa, kamera za ulinzi na simu mbili mbili mifukoni.

Nipe nafasi nikuonyeshe deni linavyolipwa. Shule moja ninayoijua ina maabara ya kompyuta 40, zote zimeandikwa anwani kwa mkono na lango 192.168.1.1. Ikahama kampuni ya intaneti. Watu wa kampuni mpya wakaja, wakavuta faiba, wakaweka ruta yao, ambayo anwani yake ilikuwa 192.168.100.1, wakajaribu kwa laptopu yao, ikafungua tovuti, wakaondoka. Hawakukosea kitu. Lakini kompyuta 40 zote zilikuwa bado zinalitafuta lango ambalo halipo tena duniani. Mwalimu wa kompyuta hakuweza kubadilisha lolote kwa sababu neno la siri la msimamizi alikuwa nalo fundi, na fundi alikuwa na kazi kaunti nyingine. Vipindi vya wiki nzima vikafanyika kwa chaki.

Piga hesabu mwenyewe. Fundi akitoza shilingi 200 kwa kila mashine, hiyo ni 8,000 za kubadilisha tarakimu chache. Na kampuni ya intaneti ikibadilishwa tena, ni 8,000 nyingine. Kama mashine hizo zingekuwa zinatumia DHCP, kazi yote ingekuwa kuziwasha upya.

(Kwa wale waliokwama hivyo hivyo leo: usizunguke mashine 40. Ingia kwenye ruta mpya, badilisha anwani yake ya upande wa LAN iwe ile ya ruta ya zamani, yaani 192.168.1.1. Mashine zote zitaliona lango lao tena. Na kama ziliandikiwa DNS ya ruta ya zamani, nayo itajibu pale pale. Ni kazi ya dakika tano. Kisha, bila haraka, zihamishe zote kwenye DHCP ili yasikukute tena.)

Simsemi fundi kuwa ni mwizi. Wengi hufanya hivyo kwa sababu kweli kulikuwa na tatizo, na kuandika kwa mkono kuliliondoa machoni. Kwa hivyo tuseme ukweli kuhusu hilo tatizo lenyewe.

Mara nyingi kabisa, mtu akisema DHCP inasumbua, maana yake ni kwamba kuna makeateka wawili getini. Hadithi ni ile ile kila mahali. Wi-Fi haifiki ofisi ya nyuma. Mtu mwenye nia njema analeta ruta yake ya zamani kutoka nyumbani, anachukua kebo iliyo ukutani na kuichomeka kwenye tundu lolote lililo wazi, na tundu hilo ni la LAN. Ruta ile nayo ina DHCP yake, na imewashwa tangu kiwandani. Sasa mashine ikiita getini, keateka wawili wanajibu, na kwa kawaida anayesikika kwanza ndiye anayechukuliwa. Mashine iliyopata jibu la ruta halisi ina intaneti. Iliyopata jibu la ruta ya nyumbani imepewa lango ambalo haliendi popote. Nusu ya ofisi inafanya kazi, nusu haifanyi. Unazima na kuwasha, na waliokuwa nayo wanaikosa, waliokosa wanaipata. Hapo hata mtu mwenye imani yake anaanza kufikiria mambo ya kurogwa.

Kuandika anwani kwa mkono kunalificha jambo hili bila kuliondoa. Keateka wa bandia bado yuko pale, anamsubiri mgeni wa kwanza mwenye laptopu.

Kumpata si kazi ngumu. Kwenye mashine ya Windows iliyokosa intaneti, fungua dirisha jeusi la amri na uandike:

ipconfig /all

Tafuta mstari wa DHCP Server. Utakuambia ni nani aliyetoa anwani hiyo. Kama si ruta yako wala seva yako, umempata. Jaribu kuifungua anwani hiyo kwenye kivinjari, mara nyingi itakuonyesha ukurasa wa kuingilia wenye jina la ruta na modeli yake, na hapo mtu atakumbuka: aah, ile ya pale nyuma! Ukurasa usipofunguka, andika arp -a uone anwani yake ya MAC. Tarakimu sita za mwanzo hutambulisha kampuni iliyoitengeneza. Ikishindikana hata hivyo, ipige ping mfululizo kwa ping -t, uende kwenye swichi, uchomoe kebo moja baada ya nyingine. Ping ikikatika, fuata kebo hiyo hadi mwisho wake.

Kwa wenye Linux kuna njia ya kifahari zaidi:

sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover

Hiyo inaita getini na kukuonyesha majibu yanayorudi. Au uketi usikilize:

sudo tcpdump -i eth0 -n port 67 or port 68

Badilisha eth0 iwe jina la kadi yako ya mtandao. Kisha washa mashine nyingine na utazame mazungumzo yakipita. Nampendekezea kila mwanafunzi wa mitandao afanye hivi mara moja. Inafundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Ukishampata, usiitupe hiyo ruta. Zima DHCP yake, ipe anwani iliyo ndani ya mtandao wako lakini nje ya fungu linalogawiwa, uiache imechomekwa kwenye tundu la LAN. Sasa ni kisambaza Wi-Fi tu, na ofisi ya nyuma inapata ilichotaka.

Na ushauri mmoja ambao sioni watu wakiutoa: usitumie 192.168.0 wala 192.168.1 kwenye mtandao unaousimamia. Nafasi za mitandao ya ndani zilizotengwa mwaka 1996 ni pana sana, una 10 nzima, una 172.16 hadi 172.31, una 192.168 yote. Chagua 192.168.10 au 10.20.30, chochote kisicho cha kiwandani. Kisha siku ukimwona mtu ana 192.168.1.105, huhitaji kufikiri, unajua papo hapo kwamba si wewe uliyempa. Na ruta ya bandia haitagongana na lango lako kwa kuwa na anwani ile ile, jambo ambalo ni baya kuliko yote niliyoyataja.

Haya, tuiweke basi.

Kwa nyumba au ofisi ndogo, ruta yenyewe inatosha. Ingia kwenye ukurasa wake, tafuta sehemu ya LAN au DHCP, uhakikishe imewashwa, uchague mwanzo na mwisho wa fungu, umemaliza. Kwa shule au ofisi yenye mambo mengi ninapenda kompyuta ndogo ya Linux yenye dnsmasq, kazi ya Simon Kelley, programu huria nyepesi sana. Zamani ningekuambia uweke ISC DHCP, ile dhcpd iliyo kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni, lakini ISC walitangaza mwisho wa matengenezo yake mwaka 2022 na sasa wanawaelekeza watu kwenye Kea. Kea ni nzuri, ila kwa maabara ya mashine 40 ni kama kutumia lori kubebea mkate.

Kwenye Debian au Ubuntu ni sudo apt install dnsmasq, kisha faili la /etc/dnsmasq.conf liwe na mistari hii:

port=0
interface=eth0
dhcp-authoritative
dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.220,255.255.255.0,12h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.10.1
dhcp-host=00:11:22:33:44:55,192.168.10.20,printa-ofisi

Mstari wa kwanza unazima kazi ya DNS ya dnsmasq, maana kwenye Ubuntu kuna huduma nyingine ambayo tayari imeshika poti 53, na watu wengi hukwamia hapo siku ya kwanza. Mstari wa dhcp-authoritative unaiambia seva kwamba yeye ndiye mwenye ploti, kwa hivyo mgeni akija na anwani ya mtandao mwingine amkatalie mara moja badala ya kunyamaza. Fungu ni kutoka 100 hadi 220, yaani anwani 121, na zinakodishwa kwa saa 12. Jaribu faili lako kwa dnsmasq --test kabla ya kuiwasha upya. Usisahau kuzima DHCP ya ruta, la sivyo umejitengenezea mwenyewe wale keateka wawili.

Mstari wa mwisho ndio uliobeba hoja yangu yote. Printa inahitaji anwani isiyobadilika, sikatai. Kamera za ulinzi pia, na seva ya faili, na ile mashine ya malipo. Lakini anwani isiyobadilika si lazima iandikwe ndani ya printa yenyewe. Unaitenga kwenye seva kwa kutumia MAC yake, na printa inaendelea kuomba kama wengine wote. Kila mara itapewa 20. Tofauti ni kwamba sasa orodha ya vyote vilivyo muhimu iko ndani ya faili moja ambalo unaweza kulisoma, kulinakili na kumwachia mwenzako. Siku lango likibadilika, unahariri mstari mmoja. Hakuna mtu anayebonyeza vitufe vya printa akitafuta menyu ya mtandao kwa nusu saa.

Ruta yenyewe, na mashine inayoendesha DHCP, hizo ndizo ninazokubali ziandikwe kwa mkono. Keateka hawezi kujipangisha chumba.

Tuje kwenye hitilafu nyingine, ambazo nitazipitia kwa haraka zaidi.

Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba mashine iliita na hakuna aliyejibu, ikajipa anwani yenyewe. Utaratibu huo uliandikwa kwenye RFC 3927 ya mwaka 2005. Watu huiona wakasema "IP ni mbaya" na kuanza kuandika nyingine. Usiandike. Iulize kwanza kebo, kisha swichi, kisha seva kama iko hai. Kwetu hapa sababu ya kawaida ni stima. Umeme unapotea na kurudi, kompyuta zote zinawaka kwa pamoja, na ruta bado haijamaliza kuamka. Zinaita, hazijibiwi, zinajipa 169.254. Windows huendelea kujaribu tena kila dakika tano, kwa hivyo ukivumilia kidogo mara nyingi hujirekebisha. Usiyetaka kuvumilia andika ipconfig /renew. Dawa ya kudumu ni kuweka ruta, swichi na seva kwenye UPS ndogo. Havili umeme mwingi.

Kama una swichi kubwa zinazosimamiwa, kuna sababu nyingine ya 169.254 ambayo huwatoa watu jasho: kebo ikichomekwa, swichi huweza kungoja kama sekunde 30 ikihakikisha hakuna kitanzi kabla ya kuruhusu data ipite. Mashine inaita wakati huo huo, sauti haifiki. Kwenye matundu ya kompyuta za kawaida washa kile kinachoitwa PortFast au jina lolote kampuni yako ya swichi inalolitumia.

Anwani ni nzuri lakini tovuti hazifunguki? Hapo DHCP imeshafanya kazi yake. Piga ping lango, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Ikijibu namba na isijibu jina, ni DNS. Acha kuigusa DHCP.

Ujumbe kwamba anwani imegongana huwa na maana moja karibu kila mara: kuna mtu ameandika kwa mkono anwani iliyo ndani ya fungu. Dnsmasq hupiga ping kabla ya kutoa anwani, na mashine nazo huuliza kabla ya kuitumia, lakini iliyoandikwa kwa mkono ikiwa imezimwa wakati wa ukaguzi, haionekani. Inawashwa saa nne, na ugomvi unaanza. Tazama hapo ni nani msumbufu.

Kisha kuna simu. Hili halikuwepo zamani na linahitaji maneno zaidi. Mtandao wa kawaida wenye 255.255.255.0 una anwani 254 tu, na ruta imeshachukua moja. Kanisa lenye waumini 300 Jumapili, ruta imewekewa muda wa kukodi wa saa 24, na ibada ni tatu. Kufikia ibada ya pili fungu limeisha. Waliotoka ibada ya kwanza wako nyumbani wanakula, lakini anwani zao zimeandikwa daftarini hadi kesho. Anayefika sasa anaambiwa na simu yake kwamba inatafuta anwani ya IP, inazunguka, inazunguka, inakata tamaa. Neno la siri ni sahihi, mawimbi yamejaa, intaneti imelipiwa. Nimeona mahali walipouziwa kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti kwa tatizo hili! Dawa haigharimu kitu: punguza muda wa kukodi uwe saa moja, na ikibidi panua mtandao kwa 255.255.254.0, upate anwani 510.

Jambo jingine kuhusu simu: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hazionyeshi MAC yao halisi, zinatunga nyingine kwa kila mtandao, na baadhi huibadilisha baada ya muda. Kwa faragha ya mwenye simu ni jambo zuri, naliunga mkono. Lakini ukitaka kumtengea mkurugenzi anwani ya simu yake, itakubidi uizime tabia hiyo kwenye simu hiyo kwa mtandao huo, la sivyo utashangaa kwa nini hapewi.

Najua majibu nitakayopewa na mafundi, kwa hivyo nijibu mapema.

La kwanza: "Seva ikifa, ofisi nzima inakufa." Hapana. Rudi kwenye ile hesabu ya kukodi. Mashine iliyokodi kwa saa 12 huomba nyongeza ikifika saa ya 6. Kwa hivyo seva ikifa sasa hivi, mashine zilizo kazini zina kati ya saa 6 na saa 12 za kuendelea bila hata kujua. Atakayeumia ni mgeni anayefika. Saa 6 zinakutosha kuwasha DHCP ya ruta kwa muda ukitengeneza seva. Nikiri tu kwamba muda mfupi wa saa moja, kama wa kanisani, unakupa dakika 30 tu za uhakika. Ndiyo maana sishauri muda huo maofisini.

La pili: "Kuandika kwa mkono ni usalama, mgeni hawezi kuingia." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mgeni aliyeshika kebo yako anahitaji dakika moja ya kusikiliza ili ajue unatumia namba zipi, kisha anaandika iliyo wazi. Kufuli yako ni neno la siri la Wi-Fi na mlango wa chumba cha swichi. Ukweli ni kwamba DHCP yenyewe haina neno la siri, yeyote anaweza kujifanya keateka, awe mjinga au mwovu. Lakini dawa yake iko kwenye swichi zinazosimamiwa, inaitwa DHCP snooping: unaitajia swichi tundu moja ambalo keateka halali yuko nyuma yake, na majibu yanayotoka matundu mengine inayatupa. Kama bajeti inaruhusu swichi ya namna hiyo, nunua hiyo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

La tatu halisemwi kwa sauti: mtandao ulioandikwa kwa mkono humrudisha fundi kila mara, na kurudi kuna malipo. Naelewa, sote tunatafuta riziki. Mimi pia huitwa kurekebisha vitu. Lakini mteja akigundua kwamba mtandao wake ulifungwa kwa namna ambayo wewe peke yako ndiye unayeweza kuufungua, hatakuita tena hata kwa kazi halali, na atawaambia wenzake.

Kwa hivyo wewe mwenye shule, mwenye kliniki au mwenye duka, kabla hujalipa salio la mwisho, mwambie fundi akuandikie karatasi moja. Iwe na anwani ya ruta na neno lake la siri, mashine inayogawa anwani ni ipi, fungu linaanzia wapi na kuishia wapi, muda wa kukodi ni saa ngapi, na orodha ya vilivyotengewa anwani pamoja na MAC zake. Kisha mwombe achague kompyuta moja yoyote, mbele yako, akuonyeshe kwamba imewekwa ipate anwani yenyewe. Ibandike karatasi hiyo upande wa ndani wa mlango wa kabati la swichi, na nakala yake ikae kwenye faili la ofisi pamoja na risiti.